Sahani Haina Shemeji

Kabla ya tukio lenyewe, hali ilikuwa hivi. Baba mkwe wangu alikuwa amezikwa katika shamba lake la migomba na kahawa, juu ya Ngaramtoni, mahali ambapo Mlima Meru hujionyesha asubuhi na kujifunika mawingu kabla jua halijapanda sana. Matanga yalikwisha kuanuliwa. Jiwe la kaburi lilikuwa limeagizwa kwa fundi wa Ngarenaro. Limekatwa, limesuguliwa, na jina na miaka vimekwisha kuchongwa. Chini ya jina fundi aliacha nafasi tupu, kwa sababu watoto wa marehemu hawakuwa wamepatana juu ya maneno ya kuijaza. Mwenye neno la mwisho alikuwa mama yao, na mama yao hakuwa amesema neno.

Marehemu alikuwa karani wa mizani. Kwa sehemu kubwa ya utu uzima wake alisimama katika kituo cha kupokelea kahawa, akapima magunia ya wakulima wa mteremko ule. Asiyekulia katika nchi ya kahawa huenda asielewe ukubwa wa cheo hicho. Mkulima alipalilia, akapogoa, akachuma, akamenya, akaosha, akaanika. Kisha kazi ya mwaka mzima ikawekwa juu ya sahani ya mizani mbele ya mtu mmoja, na jicho la mtu huyo likaamua. Walikuwapo makarani waliosifika kwa kuigusa sahani kwa goti ili mshale upungue. Yeye hakuigusa. Alisubiri mshale utulie kabisa, akausoma kwa sauti, kisha akatamka maneno yale yale kwa tajiri na kwa mjane: "Imepimwa, ni sawa." Na jamaa yake alipomsogelea sikioni kumwomba amfikirie kidogo, alimjibu kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Sahani haina shemeji."

Jibu hilo ndilo lililomletea jina. Mteremko mzima ulimwita Bwana Mizani, wala si kwa heshima. Bwana Mizani alikuwa mwovu katika kitabu cha katuni, na habari zake nitazieleza. Watoto walimfuata karani njiani wakimwimbia kwamba sahani haina shemeji. Watu wazima walimtania hivyo harusini. Wanawe walipigana shuleni kwa ajili yake. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika, wala aliyewahi kujua ni nani aliyelianzisha jina.

Ndiyo maana maneno ya jiwe yalikuwa magumu. Kaka mkubwa wa mke wangu alitaka mstari wa Maandiko.

"Ule wa mizani ya haki," alisema. "Unamfaa mzee kabisa."

"Uandike mizani juu ya kaburi, kaka?" mke wangu akamjibu. "Utakuwa umewapa watu kicheko cha bure kila wapitapo kwenda kisimani."

"Basi tuandike 'Pumzika kwa amani.'"

"Hata mbwa wa jirani angeandikiwa hivyo."

Wakamgeukia mama yao. Akainuka, akasema ng'ombe hajala, akatoka. Walidhani ni huzuni tu.

Lazima nieleze pia uhusiano wangu na mama huyo. Kwa desturi ya upande wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Vijana wa siku hizi wameilegeza desturi hiyo. Yeye, aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, hakuilegeza hata kidogo, nami sikumtaka ailegeze. Tangu nilipooa, maneno yetu yalikuwa mawili tu: "Shikamoo" yangu, nikiwa nimeinamisha macho uani, na "Marahaba" yake kutoka mlangoni. Mengine yote yalipita kwa mtu wa tatu. Hata hivyo alikuwa na njia nyingine. Kila mavuno alitutumia mzigo nyumbani kwetu mjini, Sokon I, na juu ya kila mfuko alibandika kikaratasi chenye maelekezo: haya yalowekwe kwanza, hizi ziliwe kabla ya zile, huu unga usikae. Kazi yangu ya maisha ni kuhariri maandiko ya kale na kutambua mkono wa mwandishi mmoja na mwingine, na kwa miaka mingi nilivisoma vikaratasi hivyo kwa raha ambayo sikumweleza mtu. Herufi zake zilisimama wima, zimebanana kama mahindi gunzini. Ila nukta aliiweka mbali kidogo na neno la mwisho, kana kwamba anasita kuifunga sentensi.

Nilizaliwa karibu na Ngaramtoni, na utotoni tulikuwa na duka moja tulilolipenda kuliko shule. Mwenye duka alinunua karatasi kuukuu kwa uzito, akazitumia kufungia sukari, misumari na ugoro. Karatasi hizo zilitoka katika nyumba za walowezi waliokuwa wakiondoka, na ndani ya marundo mlikuwa na magazeti, vitabu vya hesabu za mashamba, na mara chache kitabu cha katuni. Siku moja kimoja kilitokea juu ya kaunta, jalada limechanika, rangi zimefifia; tukaruhusiwa kukisoma tukiwa tumesimama, mradi mikono iwe imeoshwa. Nyuma ya kaunta aliketi msichana mmoja, mpwa wa mwenye duka, aliyekuwa akikunja vifuko bila kuinua kichwa. Yeye ndiye aliyekagua mikono yetu.

Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na mtu aliyeruka juu ya majumba akiwa amevaa kinyago na joho. Mchana alikuwa karani mpole wa posta. Usiku aliwaokoa watu, na hata mama yake hakujua kwamba wawili hao ni mmoja. Adui yake alikuwa Bwana Mizani. Huyu alivaa suti yenye vifungo vilivyoumbwa kama mawe ya kupimia na kofia iliyofanana na sahani, na uovu wake wote, kila wizi na kila mtego, ulihusu kupima. Alipomkamata Mwenye Joho akiwa amezirai, hakumvua kinyago, maana alikuwa na majivuno: alimpima. Akamwachilia, kisha akatangaza kwamba kila mwanamume wa jiji atapanda juu ya mizani kubwa uwanjani, na yule ambaye uzito wake utalingana na ule aliouandika atafunuliwa mbele ya watu wote. Walio mbele ya foleni waliomba huruma. Alicheka, akasema: "Sahani haina shemeji!"

Siwezi kueleza sawasawa jinsi jambo hilo lilivyotushika. Sisi tulijua maana ya kusimama foleni mbele ya mizani. Katika kurasa zile jiji la mbali lenye maghorofa lilikuwa limepatwa na hofu ya baba zetu. Wala hatukujua kwamba kitabu kiliandikwa kwa lugha nyingine. Kiswahili kilichokuwa ndani ya viputo vya maneno tulidhani kilitoka nacho huko kilikotoka, na karani wetu wa kahawa, aliyesema maneno yale yale ya yule mwovu, tulimdhania ndiye mwigaji.

"Kila mtu ana uzito wake?" mwenzangu mmoja alimwuliza yule msichana.

"Panda uone," alisema, akionyesha mizani ya duka.

Tukapanda mmoja mmoja, tukitetemeka, kana kwamba miongoni mwetu yumo mwenye joho asiyejijua.

"Wewe," alimwambia mwenzangu, "huwezi kuwa shujaa. Una uzito wa debe la ulezi, tena lililopungua."

Kitabu hakikuwa na mwisho. Katika kurasa mbili za mwisho yule karani wa posta anapanda juu ya mizani, mshale unasimama, Bwana Mizani anashika kichwa, na shujaa anatabasamu. Lakini viputo vyote ni vyeupe. Hakuna neno hata moja. Tulibishana kwa majuma kuhusu kilichosemwa. Kisha msichana aliolewa, kitabu kikatoweka, nami nikakua.

Hizo ndizo zilizokuwa hali. Tukio lilianza shemeji aliponiletea sanduku la mbao la marehemu.

"Humu mna makorokoro ya mzee," alisema. "Wewe ndiye mtu wa makaratasi ya kale. Mimi nikilifungua nitapiga chafya mpaka Pasaka."

Juu mlikuwa na mawe ya mizani, ya shaba, yamepangwa kwa ukubwa na kung'arishwa. Chini yake mlikuwa na kitambaa cha kichwa cha rangi ya manjano, pindo lake limetariziwa maua ya buluu, ua moja halikumaliziwa. Nilipokifungua nikakuta kitabu kile cha katuni.

Niliketi nacho mbele ya dirisha. Nikafanya ninachokijua. Niliona sasa kile ambacho jicho la mtoto halikuona: juu ya kila kiputo kilibandikwa kikaratasi kilichokatwa kwa umbo la kiputo chenyewe, kwa gundi ya unga wa ngano, kingo zake zikifuata mstari wa mchoraji bila kuupita hata kwa unene wa unywele. Na Kiswahili kile! Nimehariri kazi za watu waliosifiwa kwa vizazi, na ni wachache walioweza kumpa kila msemaji pumzi yake namna ile: mwovu alisema kwa vipande vifupi vilivyokatwa kama kwa shoka, karani wa posta kwa adabu iliyojikwaa, umati kwa minong'ono. Maneno yote yalienea katika nafasi zao bila kubanwa. Mtu alikuwa ameifanya kazi hii peke yake, bila mwalimu na bila sifa, kwa ajili ya watoto wanaonunua sukari.

Kisha nikaona nukta. Zilikaa mbali kidogo na neno la mwisho.

Nilizitazama kurasa mbili za mwisho dhidi ya mwanga wa dirisha, na chini ya vikaratasi vitupu maandishi ya asili yalijitokeza. Katika kitabu cha asili shujaa anaokoka kwa sababu amebandika sumaku chini ya mizani, ikaupotosha mshale. Picha haikuionyesha sumaku. Maneno peke yake ndiyo yaliyoitaja. Na katika kiputo cha mwisho kabisa, kile cha Bwana Mizani anayeshika kichwa, kikaratasi hakikuwa kitupu tena kama nilivyokikumbuka. Mkono mwingine, kwa penseli, ulikuwa umeandika kwa herufi za ukarani: "Imepimwa, ni sawa."

Jioni nilimwuliza mke wangu, kama jambo la kupita tu, kama mama yake aliwahi kuwa na kitambaa cha manjano.

"Cha harusi yake," alisema. "Alikitarizi mwenyewe. Kilipotea kabla sijazaliwa, na mpaka leo kila kitambaa cha manjano akikiona kanisani anakigeuza pindo."

Sasa nilikuwa na mambo mawili mkononi. La kwanza, mama mkwe wangu ndiye aliyemweka mumewe kinywani mwa yule mwovu, na hivyo ndiye mzazi wa jina lililomwandama mzee maisha yake yote. Kama watoto wake wangelijua hilo wakati ule, kaburi likiwa bado halina jiwe, sijui wangelibeba vipi. La pili, mumewe alijua. Alikichukua kitabu, akakifunga ndani ya kitambaa cha harusi cha mwandishi wake, akatia sahihi yake ya kituoni, akanyamaza hadi kufa. Hilo la pili lilikuwa mali ya mjane, na ilinipasa kumfikishia. Lakini sikuruhusiwa kusema naye ila kwa kinywa cha mtu wa tatu, na hapakuwa na mtu wa tatu ambaye siri hiyo haikupaswa kufichwa kwake. Nilimkumbuka Bwana Mizani. Yeye naye alikuwa na chombo kimoja alichokipenda kupita kiasi, akataka kila mtu apande juu yake. Changu kilikuwa mwandiko.

Nilikwenda juu siku ambayo wengine wote walikuwa gulioni. Nilibeba gunia la pumba, na kitabu ndani ya kitambaa, kwapani. Mama alikuwa ndani ya zizi akikatakata shina la mgomba kwa panga. Nilisimama nje ya ukuta wa mabanzi, uliotufikia mabegani, nikaelekeza uso wangu kwa ng'ombe.

"Shikamoo," nilisema, macho chini.

"Marahaba."

Kisha nikaanza. "Ng'ombe, nina ujumbe."

Panga liliendelea. "Ng'ombe," sauti ya ndani ikasema, "mwulize huyo msomi tangu lini pumba zinaletwa na profesa. Na mwambie asikanyage majani yako."

Nikasogeza mguu. "Ng'ombe, mwambie mwenye zizi kwamba nimefungua sanduku la mzee. Chini ya mawe ya mizani mlikuwa na kitabu cha katuni."

Panga likanyamaza.

"Ng'ombe, vitabu vya katuni ni vingi duniani."

"Hiki kimebandikwa Kiswahili. Kurasa mbili za mwisho hazikuandikwa."

Ng'ombe alitafuna, akatutazama kwa zamu, kama mshenga aliyechoka.

"Mwulize amemwonyesha nani."

"Hakuna. Hata binti yake hajui."

"Mwulize amejuaje."

"Kwa nukta. Mwambie zimekuwa zikija nyumbani kwangu pamoja na maharage."

Nilisikia kicheko kifupi, cha msichana kabisa. "Nilijua maharage yataniponza." Kisha sauti ikashuka. "Ng'ombe, mweleze. Kituoni nilimsikia akimkatalia mjomba wangu mbele za watu. Nikarudi dukani na hasira zangu, nikamtia kinywani mwa yule mwovu. Nikakiweka kaunta, vikaratasi vya mwisho bado vitupu. Sikujua kwamba maneno yana miguu. Haukupita muda, huyo huyo akaja kuposa! Mjomba akamwuliza kwa dharau, 'Wewe si ndiye Bwana Mizani?' Nilikuwa nyuma ya pazia. Akajibu, 'Ndiyo, ni mimi.' Basi. Mtu asiyekana hata jina baya. Nikasema, huyu ndiye."

"Na kurasa mbili?"

"Anajua. Si ameshachungulia kwa mwanga? Watu wa kazi yake huchungulia."

"Nimechungulia."

"Basi ameona kwamba shujaa wao ni mwizi wa mizani. Ningeandikaje kwamba mwizi wa mizani ameshinda, nami nimechumbiwa na mtu asiyegusa sahani kwa goti? Niliviacha vitupu." Akavuta pumzi. "Nikakificha kitabu darini, kikapotea. Mzee amekufa hajui. Sasa wananiuliza tuandike nini juu yake. Kila neno jema likinijia, naona ni mimi niliyemwandika kwanza."

Ilinibidi niseme lililobaki. "Ng'ombe, mwambie kitabu hakikupotea darini. Kilikuwa kimefungwa ndani ya kitambaa cha manjano, chenye maua ya buluu, na ua moja halikumaliziwa."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kuufunika mlima, na baridi ilikuwa ikishuka migombani.

"Na katika kiputo cha mwisho," niliendelea, "pana maneno ya penseli. Nukta yake haiko mbali."

Hapo akasahau ng'ombe. Uso wake ulitokea juu ya mabanzi, karibu kuliko nilivyowahi kuuona, na macho yake yakaniangalia mimi.

"Yanasemaje, mwanangu?"

Nami nikamjibu yeye. "Imepimwa, ni sawa, mama."

Alishika ukuta kwa mikono miwili. Sikuweza kuondoa macho kama ilivyonipasa. Niliona mtu akipokea kitu kilichokuwa kikimsubiri kwa umri wote wa mke wangu, na uso wake ukawa wa yule msichana aliyekagua mikono yetu, kabla hajainamia tena vifuko vyake. Nililiweka furushi juu ya ukuta, nikaweka pumba chini, nikateremka.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliwaita watoto wake, akawaeleza yote kwa kinywa chake. Mke wangu alilia, na kaka yake alitoka nje kwa muda, akarudi. Fundi wa Ngarenaro alijaza nafasi ya jiwe kwa maneno ya penseli. Kitabu anacho mama. Viputo vingine vya kurasa zile mbili bado ni vitupu.